Boksi la filta ulilichana?

Juzi mdogo wangu alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Kigoma. Noah ya mama imefikisha kilomita za kumwaga oili, na anataka nimwamulie: aipeleke kwenye ile gereji mpya yenye vigae, ambao wanataka laki na themanini, au kwa fundi wetu wa Mwanga, chini ya mwembe, elfu tisini pamoja na filta? Mimi nipo Ujerumani mwaka wa kumi na moja huu, kwa hiyo nyumbani wanaamini najua mambo ya magari.

Nikamjibu palepale: chini ya mwembe. Zamani ningemwambia kinyume, tena kwa kumgombeza.

Nilipofika huku kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kale kabandiko ka mviringo kwenye pleti ya nyuma. Namba iliyo juu kabisa ni mwezi, rangi ni mwaka, na polisi anakisoma akiwa amesimama upande wa pili wa barabara. Gari mpya inakaguliwa baada ya miaka 3, halafu kila miaka 2. Ukaguzi huo wenyewe wanauita TÜV. Nikajisemea, basi huku gari haina wasiwasi, serikali inaiangalia. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mkaguzi anatazama breki, taa, tairi, kutu na moshi. Oili yako ikiwa nyeusi tii kama lami, hilo ni lako na injini yako. Ukaguzi si servisi, na wageni wengi tunachanganya hapo.

Kosa la pili lilikuwa la hofu. Niliponunua gari yenye dhamana nilidhani nikiipeleka kwingine mbali na wakala wa kampuni, dhamana imekufa. Siyo kweli. Sheria za Umoja wa Ulaya zinakuruhusu kwenda gereji huru, mradi kazi ifanyike kwa ratiba ya mtengenezaji na kwa vifaa vya ubora unaolingana. Sikujua, nikawa nalipa kwa wakala. Pale kuna mashine ya kahawa, kuna makochi, na kuna kioo: wewe upande huu, gari yako upande ule. Kuingia ndani hairuhusiwi.

Safari moja nimelipa, risiti kurasa mbili, kila kitu kimewekewa tiki. Wiki tatu baadaye kioo cha mbele kinashika ukungu hakiachi. Nikafungua kidroo cha dashibodi, nikachomoa filta ya hewa ya ndani. Imejaa majani makavu na nyigu mmoja aliyekauka, na ubavuni kuna tarehe ya kalamu aliyoiandika fundi wa kabla yao, miaka miwili nyuma. Kwenye risiti ilikuwa mpya. Nilirudi nayo mkononi. Waliomba radhi, wakaweka nyingine, wakanipa na kishikio cha funguo.

Sisemi Wajerumani ni wezi. Mafundi wao wanasomeshwa miaka mitatu na nusu, na kwa kawaida gereji haifunguliwi bila mtu mwenye daraja la Meister, yaani fundi mkuu. Ila siku ile nilimkumbuka marehemu baba.

Baba alikuwa anakalia dumu tupu pembeni ya gari, toka nati ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, inafunguliwa mpaka inafungwa. Fundi anachovya vidole kwenye oili inayotoka, anaisugua, anainusa kama ina harufu ya petroli, anaigeuza juani kutafuta vichembe vinavyometameta. Kisha anampa baba naye asugue. Filta ya zamani inawekwa kiganjani mwa mwenye gari, bado inachuruzika. Oili chafu inarudi nyumbani kupaka nguzo za uzio, mchwa wasizile. Na boksi la filta mpya baba alilichana vipande vinne mwenyewe, maana boksi zima linaweza kurudi dukani likiwa na filta feki ndani. Wala hakuwa amesomea mambo ya magari, alikuwa na dumu lake la kukalia tu.

Lakini mwembe nao una mipaka yake. Taa ya cheki injini ikiwaka, au gia boksi ya otomatiki ikitaka oili, nenda kwenye vigae wenye mashine. Oili isiyo yake kwenye gia boksi inaua, na hapo kunusa hakusaidii. Na kitu kimoja nawaonea wivu watu wa huku: duka lililokuuzia oili linalazimika kupokea oili chafu ya kiasi kilekile, ukiwa na risiti. Kwetu inayobaki inamwagwa chini, mvua inainyanyua, na mteremko wetu unaishia ziwani, kwa migebuka tunayokula.

Mdogo wangu akauliza tena: huko wanamwaga kwa kilomita ngapi? Nyingi 15,000, zingine mpaka 30,000. Nikamkataza kuiga. Noah ya mama inatoka Mwanga kwenda Ujiji na kurudi, injini haijapata moto vizuri imeshazimwa, na kiangazi vumbi jekundu linaingia hadi kwenye sufuria. Hata vitabu vya magari yenyewe vina ratiba fupi kwa gari za vumbi na safari fupi. Elfu tano, basi.

Akanicheka, eti bado nina akili za Kigoma. Nikamkumbusha Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1916 wahandisi wa Kijerumani, kabla ya kuizamisha pale kwetu, waliipaka mitambo grisi nzito. Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikarudi majini ikitembea. Hakukuwa na vigae pale.

Jana jioni nikamuuliza, boksi ulilichana? Akanitumia picha: filta nyeusi kiganjani, vipande vya boksi juu ya boneti, na nyuma yake mama amekaa kwenye dumu, mkoba mapajani. Bei ilifika laki, eti na soda ya fundi.