Aliahidiwa 41,600, karatasi ikasema 37,720

Wiki ya mwisho ya Januari simu yangu hulia kuliko siku ya Idi. Mwaka huu wa kwanza kupiga alikuwa dada mmoja wa Kisauni, ambaye hajamaliza hata miaka miwili hapa Texas. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, upande wa Arlington.

"Shikamoo kaka. Hawa watu wameniibia."

"Marahaba. Wamekuibia nini?"

"Nilipoandikwa nilipatana nao dola ishirini kwa saa. Mwaka mzima sikukosa kazini. Hesabu yangu ni 41,600. Sasa karatasi waliyoniletea inasema 37,720. Zile 3,880 zimekwenda wapi?"

Nikamwambia anipigie picha hiyo karatasi, ila kwanza afunike kwa kidole namba iliyo kisanduku cha juu kabisa, kile chenye herufi a. Hiyo ndiyo namba yake ya Hifadhi ya Jamii (Social Security), mfuko wa pensheni wa serikali ya Marekani, na mwizi akiwa na namba hiyo pamoja na jina lako anaweza kukujazia kodi na kuchukua marejesho yako wewe bado umelala. Picha ikaja, kidole kimefunika vizuri, na rangi ya hina ya harusi ya mdogo wake bado iko ukuchani.

Karatasi yenyewe ni W-2. Kila mwajiri wa Marekani anatakiwa kumpa mfanyakazi wake fomu hii Januari 31 isipite, ikieleza alilipwa nini mwaka uliokwisha na alikatwa nini. Mkenya yeyote aliyewahi kuajiriwa anamjua ndugu yake: P9. Mimi namjua zaidi, kwa sababu kabla sijaondoka Mombasa mwaka 2014 nilikuwa karani wa mishahara kwenye hoteli moja ya pwani ya kaskazini, na P9 za wenzangu nilizitoa mimi kwa mikono yangu. Kwa hiyo nikisema fomu ipi nzuri na ipi mbaya, nisamehewe, naona kwa jicho la karani.

Dada hakuibiwa. Dola 2,080 zilikwenda kwenye akiba yake ya uzeeni, ile wanayoiita 401(k), kwa sababu siku ya kwanza alitia tiki asilimia 5 bila kusoma. Dola 1,800 zilikuwa mchango wake wa bima ya afya, 150 kila mwezi. Pesa hizo mbili hutolewa kabla kodi ya serikali kuu haijapigwa, na kisanduku namba 1 huandikwa kile kinachobaki. Kisanduku namba 1, kwa maneno mengine, si mshahara wako. Ni ile sehemu ya mshahara ambayo serikali kuu inataka kuila meza moja na wewe.

Akatulia, kisha akauliza swali zuri kuliko la kwanza: "Mbona basi kisanduku namba 3 kinasema 39,800?"

Kwa sababu Hifadhi ya Jamii haikuachii akiba ya 401(k). Bima iliyokatwa kupitia mpango wa mwajiri inaondolewa, akiba inabaki ndani ya hesabu. Kisanduku namba 5, cha Medicare, bima ya afya ya wazee ya serikali, nacho kwake kikawa 39,800. Namba 4 ni asilimia 6.2 ya hiyo, yaani 2,467.60, na namba 6 ni asilimia 1.45, yaani 577.10. Piga kikokotoo uone. Hizi mbili ndizo sehemu pekee za W-2 ambazo mtu anaweza kuzikagua mwenyewe kwa dakika moja, na zikikataa kulingana, hapo ndipo pa kumwendea mwajiri.

Sasa tazama ajabu. Karatasi nzima ina 37,720, ina 39,800 mara mbili, na 41,600 aliyopatana na watu wake haimo popote. Ukitaka kuiona lazima utafute hati ya mshahara ya mwisho ya Desemba.

Hapa nasimama upande wa nyumbani bila aibu. P9 ya Kenya ina mistari kumi na miwili, mstari mmoja kwa kila mwezi. Inaanza na mshahara wa msingi, inaongeza marupurupu, inatoa mchango wa uzeeni, inakuonyesha kiasi kinachotozwa ushuru, ushuru wenyewe, kisha inakurudishia nafuu ya kila mtu, ambayo siku hizi ni shilingi 2,400 kwa mwezi, na mwisho inaandika PAYE, kodi ya mshahara, uliyokatwa. Mtu wa darasa la nane akikaa nayo kwenye mkeka anaifuata mpaka mwisho. Unaona mwezi uliougua ukakosa saa za ziada. Unaona Desemba watalii walipojaa. W-2 haina miezi. Mwaka wako wote umefinywa ukawa visanduku, na jinsi kodi ya serikali kuu uliyokatwa, iliyo kisanduku namba 2, ilivyopatikana hakuna anayekueleza. Hesabu hiyo utaipiga mwenyewe kwenye fomu 1040, ile ya kodi ya mwaka, kabla ya Aprili 15, au utamlipa mtu akupigie.

Nimesema P9 inajieleza. Sikusema inasema kweli.

Nilipokuwa nafunga safari nilikwenda kuuliza akiba yangu ya NSSF, mfuko wa uzeeni wa Kenya, kwa kuwa sheria yetu inamruhusu mwanachama anayehama nchi moja kwa moja kuchukua pesa zake. Taarifa ikatoka kwenye printa. Miezi kumi na minne haina kitu. Mwajiri wangu alinikata kila mwezi, mimi mwenyewe karani niliyeandika makato yale kwenye hati za mshahara, na pesa hazikufika zilikotakiwa. Niliandika kwa mkono wangu uongo ambao sikujua ni uongo. Nilipomuuliza mhasibu mkuu, aliniambia mwaka ule msimu wa utalii ulikuwa mbaya, kana kwamba mimi ndiye niliyewafukuza Wazungu ufukweni.

Ndiyo maana W-2, pamoja na ububu wake, naiheshimu kwa jambo moja. Nakala yake ya kwanza haiji kwako wala kwa watu wa kodi. Inakwenda kwa ofisi ya Hifadhi ya Jamii, na ofisi hiyo inaandika kisanduku namba 3 kwenye daftari la maisha yako ya kazi, ambalo unaweza kulifungua kwa intaneti usiku ukiwa na kikombe chako cha chai. Kila mwaka mimi hufanya hivyo. Naweka W-2 ya zamani kando ya skrini, nalinganisha mwaka kwa mwaka. Haijakosea hata mara moja. Mke wangu anasema ni ugonjwa. Ni miezi kumi na minne.

Niliyoona, basi, ni haya: kwetu nilipewa karatasi inayoeleza kila kitu kuhusu pesa zisizofika, huku napewa karatasi isiyoeleza chochote kuhusu pesa zilizofika. Nikilazimishwa kuchagua nachagua ya pili, ila sioni kwa nini binadamu alazimishwe.

Lakini kufika nako si mwisho wa maneno. Ili ulipwe pensheni ya Hifadhi ya Jamii unahitaji alama 40, na kwa mwaka hupati zaidi ya nne, hata ukilala kazini. Mwaka 2024 alama moja ilikuwa dola 1,730 za mapato, kwa hiyo mtu yeyote wa kazi ya kudumu alipata nne zake mapema. Maana yake ni miaka kumi. Kenya na Marekani hazina mkataba wa kuunganisha michango ya nchi hizi mbili, kwa hiyo miaka yangu ya hoteli haihesabiki hapa, na aliyekaa hapa miaka tisa akarudi kwao hana anachoambulia kwenye mfuko ule, wala harudishiwi michango yake. Nawajua wawili walioondoka hivyo bila kuuliza. Mmoja alibakisha alama tatu. Na Medicare, ile asilimia 1.45 ya kisanduku namba 6, kwa kawaida haimlipii mtu matibabu nje ya Marekani. Ukiota uzee wako Nyali, hospitali utalipa kwa njia nyingine.

Kuna kisanduku ambacho watu wetu hukiruka, namba 12, chenye vijiherufi kama vya namba za gari. D ni ile akiba ya 401(k). DD ndiyo iliyonifumbua macho: inaonyesha gharama yote ya bima yako ya afya, sehemu yako pamoja na ya mwajiri. Haitozwi kodi, imewekwa ujue tu. Yangu mwaka wa kwanza ilizidi dola elfu saba. Nilikuwa nalalamikia makato yangu ya bima kila wiki mbili, kumbe sehemu kubwa analipa mwingine, na bado nikienda kung'olewa jino natoa mfukoni. Nyumbani watu wanagombana kwa haki kuhusu asilimia 2.75 ya SHIF, mfuko wa afya, na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, kwenye matatu, msikitini, redioni. Huku kato kubwa kuliko hayo limelala kwenye herufi mbili na hakuna anayepaza sauti.

Sasa nifike panapouma, kazi mbili. Wengi wetu tuna mbili, wengine tatu: asubuhi kwa wazee, usiku ghala. Kila mwajiri anakukata kana kwamba yeye ni peke yake. Chukua mtu asiye na mke mwaka 2024, kazi moja inamlipa 28,000 na nyingine 24,000. Dola 14,600 za kwanza hazitozwi kodi ya serikali kuu, lakini ni za mtu, si za kila kazi. Mwajiri wa kwanza anaziondoa na kukata 1,376. Wa pili naye anaziondoa na kukata 940. Jumla 2,316. Aprili inafika, W-2 mbili zinakutana mezani, mapato ni 52,000, na kodi halisi ni 4,256. Anadaiwa 1,940 na alizokuwa nazo alishatuma nyumbani kwa karo. Mimi yalinikuta mwaka wangu wa pili. Nikafikiri kompyuta imekosea, nikajaza upya mara tatu. Dawa iko kwenye fomu nyingine, W-4, ile unayotia saini siku ya kuajiriwa katikati ya makaratasi ya sare na maegesho. Hatua yake ya 2 inauliza kama una kazi nyingine. Jibu kweli. Utapungukiwa kidogo kila wiki na Aprili utalala.

Upande wa pili wa sarafu ni rifandi, marejesho. Februari ikifika hapa salamu ni moja: "Umerudishiwa ngapi?" Kwa wenye watoto wadogo na kipato kidogo serikali huongeza kweli juu ya walichokatwa, hao wana haki ya kufurahi. Wengine wote wanashangilia pesa zao wenyewe, walizoikopesha serikali mwaka mzima bila hata senti ya faida. Chama cha kina mama wa Majengo kikikukalia na pesa zako miezi kumi na miwili kisha kikakuletea kwa vigelegele, mweka hazina angeitwa kikao cha dharura.

Na hamu hiyo ya rifandi ndiyo inayowapeleka watu kwa wajazaji wa sebuleni. Alikuwako mmoja, jina lake nalimeza, aliyejulikana kwamba kwake rifandi hutoka kubwa. Siri yake ilikuwa watoto. Aliwaandika watoto wa wateja wake walioko Kenya kwa bibi zao. Sheria haikubali: mtegemezi lazima awe raia wa Marekani, au mkazi wa Marekani, Canada au Mexico. Mtoto wako wa Likoni unayemlisha, kumvisha na kumsomesha kwa kisanduku namba 1 chako, kama si raia wala mkazi wa hapa, kwa hesabu zao hayupo. Barua zikaja baada ya miaka miwili, zikawaendea waliotia saini. Mjazaji alikuwa ameshahama jimbo.

Sheria hiyo bado inanikera. Ukiwa na mama mzee Guadalajara huenda ukamwandika. Ukiwa naye Mtongwe, hapana. Nilimweleza dada wa Kisauni, kwa sababu nilijua swali hilo linakuja. Ana mwanawe wa miaka saba kwa bibi yake na kila mwezi anatuma dola 300. Alinyamaza kidogo.

"Kwa hiyo hawa wanajua mpaka senti niliyopata, na hawajui imekwenda wapi."

"P9 nayo haikujua," nikamwambia.

"Lakini kule alikuwa analala chumba kimoja na mimi, kaka."

Tukarudi kwenye fomu. Visanduku 15 mpaka 20 ni vya jimbo na mji, na Texas haitozi kodi ya mapato, tukavipita. Ndugu yangu wa Lowell, Massachusetts, yeye hapo anaachia asilimia 5 nyingine. Akaniuliza nakala C ni ya nini. Nikamwambia ni yake, aiweke. Mimi zangu ziko kwenye bahasha ya kaki niliyotoka nayo Mombasa, juu ya ile taarifa ya NSSF.

"Na hiyo asilimia 5 ya akiba," akasema kabla ya kukata simu, "naweza kuipunguza mpaka mtoto aje?"

Anaweza, kwa utaratibu wa mpango wa mwajiri wake. Nilimwomba asipunguze chini ya kile ambacho mwajiri anamwongezea, kisha nikamtumia picha ya mahali pa kubonyeza.