Luteni Nakato na Mpaka wa Busia

Mimi ni fundi simu hapa Busia, upande wa Uganda, na mwaka jana nilikaribia kuufunga mpaka. Kwa hadithi.

Tuna kikundi cha watu tisa, wengine huku, wengine Busia ya Kenya. Wiki nzima tunatumiana kwenye WhatsApp hadithi mbovu za mashabiki: mtu anachukua tamthilia anayoipenda, anajipachika humo, na kabla ya ukurasa wa pili mashujaa wote wanagombania kumposa. Sisi tunaziiga na kuuzidisha ubovu makusudi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana nyuma ya soko, kila mtu anasoma yake kwa uso mkavu kama msoma taarifa ya habari. Anayecheka wa kwanza ananunua soda za wote. Nimenunua soda nyingi sana.

Mchezo wenyewe una bibi yake. Mwaka 1973 huko Marekani, Paula Smith aliandika kihadithi cha kuwakejeli mashabiki wa Star Trek, tamthilia ya safari za chombo cha anga. Shujaa wake, Luteni Mary Sue, ana miaka 15 na nusu, hakuna asichokiweza, anakufa, na siku aliyozaliwa inakuwa sikukuu ya chombo kizima. Tangu hapo mhusika asiye na kasoro anaitwa Mary Sue.

Nikaona Busia nayo ipate wake. Nikamwita Luteni Nakato. Kwa Waganda Nakato ni pacha wa kike wa pili, wa kwanza ni Babirye, ila huyu ni Nakato asiye na Babirye, maana pacha wake aliogopa kuzaliwa wasije wakalinganishwa. Macho yake yalikuwa zambarau asubuhi, kijani mchana, na mvua ikinyesha yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Alijua lugha 14, saba alijifunza tumboni. Nahodha wa chombo cha anga alipomwona tu alimwachia usukani, akaenda kulia chooni. Kufika ukurasa wa nne amekufa.

Simu ya fundi ndiyo mbovu kuliko za wateja wake. Yangu kioo kilikuwa kimepasuka, nisingeweza kusomea. Nikaenda kuchapisha. Dada wa pale ana huruma: makosa niliyoyapanda kwa jasho aliyasahihisha yote. Nikamwomba ayarudishe. Alinitazama kama mgonjwa, akachapa upya, karatasi zilizosahihishwa akazitupa kwenye boksi. Chini ya kila ukurasa alikuwa ameweka jina langu na namba ya simu, zisichanganyike na barua za watu za kuomba kazi.

Boksi lile huchukuliwa na mama wa chapati.

Tarehe 12, saa moja asubuhi, simu ikalia. Dereva wa lori.

"Kaka, wewe ndiye wa Luteni? Keshokutwa mnafunga saa ngapi?"

Ukurasa wa nne ulianza hivi: "Kuanzia leo, kila tarehe 14, mpaka wa Busia utafungwa kutwa nzima kwa heshima ya marehemu Luteni Nakato. Malori yote yazime injini." Ukurasa wa tatu, wenye nahodha na choo chake, ulikuwa umefunga rolex, chapati ya mayai, ya mtu mwingine.

Akafuata mama wa nyanya, akitaka kujua ni Luteni gani huyo wa kumharibia mzigo. Kisha mzee mmoja, kwa sauti ya chini, akauliza kama mabugo, yaani rambirambi, yatumwe kwa namba hii hii. Nakiri nilinyamaza kidogo kabla ya kukataa.

"Ni hadithi tu, mzee. Ya kejeli."

"Unamkejeli marehemu?"

Saa nne niliitwa mpakani. Afande alikuwa na karatasi yangu mezani, imelowa mafuta.

"Huyu Luteni ni wa kikosi gani?"

"Wa chombo cha anga, afande."

"Kambi yao iko wapi?"

Nikaona nimweleze tangu mwanzo, Mary Sue, 1973, Marekani. Alisikiliza vizuri, akaandika kitu. "Kwa hiyo wako wawili."

Mwishowe nikaomba nimsomee yote. Nikatoa nakala ya mfukoni, nikasoma kwa uso mkavu kama nilivyozoea. Afande hakutikisika. Nilipofika kwenye macho ya chai ya maziwa, askari kijana aliyesimama mlangoni akapasuka kwa kicheko. Kwa sheria zetu soda ni juu yake. Sikumdai.

Niliachiwa kwa sharti kwamba nibandike tangazo pale pa chapati, kwa mwandiko wangu. Nikaandika: "Mpaka uko wazi tarehe 14. Luteni Nakato hayupo."

Jioni yule mzee akapiga tena. Ameona tangazo, anauliza amezikwa wapi.