Mashetani, Mungu Asiyesema Neno na Machozi ya Akira

Tangu Januari 2018, Netflix ilipoachia sehemu zote kumi za Devilman Crybaby kwa siku moja, wapenzi wa anime, yaani katuni za Kijapani, hawajaelewana juu yake. Kuna wanaosema ni kufuru iliyopakwa rangi nzuri: shetani ndiye mwenye huzuni, shetani ndiye mwenye mapenzi, na Mungu ndiye anayeteketeza. Kuna wanaosema hawajaona kazi nyingine iliyomsema binadamu ukweli mchungu namna ile. Hawa wa pili wana tuzo ya kuegemea, kwani Crunchyroll Anime Awards iliitaja kuwa anime ya mwaka 2018 na Masaaki Yuasa akachaguliwa mwongozaji bora.

Mimi ni muumini na nimeitazama mara mbili, mwanzo hadi mwisho. Nilipoianza tu niliizima katikati ya sehemu ya kwanza, nikairudia baada ya siku kadhaa na kuimaliza. Ninachokiona ni kwamba waliokasirika wana haki ya kukasirika, ila hasira yao imepiga pembeni. Na walioisifu wamesifu mambo ya kweli, lakini wamenyamazia udhaifu mmoja mkubwa.

Asiyeijua na anayetaka kuiona kwanza aishie hapa, maana mwisho wake ndio kiini cha hoja. Akira Fudo ni kijana mpole ambaye machozi yake yako karibu. Akiona mwenzake ameumia, yeye ndiye analia. Rafiki yake wa utotoni, Ryo Asuka, anarudi na habari kwamba mashetani ni viumbe wa kale walioishi duniani kabla yetu, wameamka, na sasa wanaingia miilini mwa watu. Ryo anamchukua mpaka kwenye karamu ya usiku, damu inamwagika, na Akira anaingiwa na shetani mkubwa aitwaye Amon. Kwetu mtu akipandwa na pepo, pepo ndiye mwenye amri, na waganga hukaa chini kumuuliza anataka nini. Akira amepandwa, lakini amri imebaki kwake: mwili wa shetani, moyo wa mtu. Ndiyo maana ya jina Devilman.

Chanzo cha yote haya ni mchoraji Go Nagai. Utotoni alikutana na Divine Comedy, shairi refu la Dante, ikiwa na picha za Gustave Doré, na zile picha za Jehanamu hazikumtoka. Mwaka 1971 alianza manga (hadithi ya michoro ya Kijapani) ya Mao Dante, ambamo shetani mkubwa aliyegandishwa katika barafu ya Himalaya anaamka. Ukifuatilia hadithi unaambiwa kwamba huyo anayeitwa Mungu ni mvamizi asiye na mwili, aliyekuja kuwaangamiza wenyeji wa Sodoma. Hapo kweli mashetani wanapigana na Mungu, waziwazi. Jarida lililokuwa likiichapa likafungwa na hadithi ikakatika. Ilikuja kufanywa anime ya sehemu 13 mwaka 2002. Lakini Toei, studio ya katuni ya Japani, walikuwa wameshavutiwa na wazo la shujaa mwenye umbo la shetani, na mwaka 1972 Devilman ikazaliwa kwa njia mbili: katuni ya televisheni kwa ajili ya watoto, na manga ambayo Nagai aliichora kwa uhuru na kuimaliza kwa maangamizi mwaka 1973. Yuasa, na studio yake ya Science SARU, alichukua ile ya maangamizi.

Nimeitaja Mao Dante kwa sababu inasaidia kupima shutuma ya kufuru. Mle Mungu ana sauti, ana hila, ana ukatili, na shetani ni mwenye nyumba aliyenyang'anywa nyumba yake. Muumini anaweza kuiweka chini kwa sababu rahisi kabisa: huyo anayepigwa vita mle hakuumba chochote. Ni kiumbe mgeni aliyejipachika cheo. Vita dhidi ya mungu wa namna hiyo haimgusi anayemwabudu Muumba, sawa na mtu anayetukana jina lako huku akimaanisha mtu mwingine. Ndiyo maana naona Mao Dante, pamoja na ukali wake wote, ni nyepesi kuliko iliyoifuata.

Devilman Crybaby ni nzito zaidi kwa sababu Mungu wake haonekani. Tunajua kwamba Ryo, bila yeye mwenyewe kukumbuka, ni Shetani aliyefukuzwa mbinguni. Manga inaeleza sababu: Mungu alichukizwa na mashetani walioenea duniani, akataka kuwafuta, na malaika huyu akaona nao wana haki ya kuishi, akawatetea. Msomaji wa Biblia au Kurani anashtuka papo hapo. Katika Kurani Ibilisi aligoma kumsujudia Adamu kwa kiburi, akisema yeye ni wa moto na Adamu ni wa udongo. Hapa uasi umefanywa kuwa wa huruma. Anayesema hilo ni kugeuza dini kichwa chini miguu juu hajasema uongo. Na jibu la kwamba Wajapani wengi si Wakristo, kwa hiyo hawakukusudia ubaya, halinitoshi. Asiyekusudia kukukanyaga naye anaumiza mguu.

Lakini tuitazame hadithi inakwenda wapi na huo uasi wa huruma. Ryo anajitokeza kwenye televisheni na kuutangazia ulimwengu kwamba mashetani wapo, wanaweza kuwa jirani yako, mwalimu wako, mwanao. Hatumi jeshi. Anatuma habari tu, na binadamu wanamalizia kazi. Watu wanafungwa kamba na kupigwa mawe kwa kushukiwa. Akira anasimama mbele yao, mawe yanampata yeye, analia na kusihi, mpaka mtoto mmoja anatoka kwenye umati na kumkumbatia. Ni dakika ambayo mashabiki wachache huitaja, na kwangu ina uzito kuliko mapigano yote. Lakini huruma ile haifiki mbali. Miki Makimura, msichana ambaye familia yake ilimlea Akira, anaandika mtandaoni kumtetea, na wanaomvamia nyumbani si mashetani. Ni watu. Wanamuua, wanaukata mwili wake vipande, wanacheza navyo barabarani.

Wakosoaji wengine husema hapo Yuasa ametia chumvi, kwamba watu wa kawaida hawabadiliki kuwa wauaji kwa usiku mmoja. Siafikiani nao, na nadhani sisi wa pwani hii tuna sababu yetu ya kutoafikiana. Mwaka 1995 hofu ya popobawa, pepo anayesemekana kuwavamia watu usiku, ilianzia Pemba, ikavuka hadi Unguja, ikafika Dar es Salaam. Watu walilala nje kwa makundi, moto ukiwaka, wakiogopa kuingia ndani ya nyumba zao wenyewe. Na Unguja mtu mmoja mwenye maradhi ya akili, aliyekuwa amekuja kutafuta matibabu, alishukiwa kuwa ndiye popobawa. Kundi la watu likamuua. Hakuna aliyehitaji kuwa shetani ili hilo litokee. Ilitosha kuamini kwamba shetani yupo karibu na kwamba amevaa sura ya mtu. Nagai ameeleza kwamba Devilman ni hadithi ya kupinga vita, na kwamba kifo cha Miki ni kifo cha amani. Mimi naisoma karibu zaidi na nyumbani: ni hadithi ya umati.

Hapo ndipo ninapoona waliokasirika wamekosea shabaha. Shetani wa hadithi hii hatukuzwi. Anaanza kwa kudai kwamba mapenzi hayapo, kwa hiyo huzuni haipo, na hadithi nzima inamkanusha kipande kwa kipande. Hata mashetani wenzake wanamkanusha: katika sehemu ya tano Kaim anautoa mwili wake mwenyewe ili Silene aliyejeruhiwa apate nguvu ya kuendelea kupigana. Huo ni upendo, na umetoka kwa viumbe walioelezwa kuwa hawana. Vita ya mwisho kati ya Ryo na Akira ikiisha, Akira akiwa amelala kando yake, Ryo anazungumza naye kirefu, na anachelewa kutambua kwamba rafiki yake ni nusu ya mwili tu, amekwisha kufa. Analia. Katika manga anakiri kwa maneno: alimchukia Mungu kwa kutaka kuwaangamiza mashetani, kisha yeye akawafanyia binadamu jambo lilelile. Kama hiyo ni sifa kwa Shetani, basi sijui lawama ingekuwaje. Mwasi ameshinda, na ushindi umemwacha amekumbatia maiti ya mtu pekee aliyempenda.

Shutuma ya pili ni ya damu na uchi, na hii naiunga mkono kwa kiasi kikubwa. Ile karamu ya sehemu ya kwanza imejaa miili ya wanawake iliyowekwa pale kwa ajili ya kutazamwa kwanza na kuchanwa baadaye. Watetezi wanasema ndiyo sura ya tamaa inayofungua mlango kwa mashetani, na michoro ya Yuasa, yenye mistari legelege na rangi bapa, haifanani na picha za kuamsha ashiki. Kuna ukweli hapo. Lakini Akira naye anabadilika mwili, anapata tamaa mpya, na kamera haimtazami kwa jicho lile. Hata Miki, ambaye Yuasa alimpa mengi kuliko manga ilivyompa, mbio zake, ushindani wake na Miko mkimbiaji mwenzake, msimamo wake hadi dakika ya mwisho, anauawa kwa namna ambayo inahesabiwa zaidi katika machozi ya Akira kuliko katika maisha yake mwenyewe. Ningependa angebaki kwa muda kidogo kama mtu kabla hajageuzwa sababu ya kisasi.

Kuna na jambo la nyumbani. Watu wazima wengi kwetu wakiona michoro inatembea wanaita katuni, na katuni ni ya watoto, hivyo simu inaachwa mkononi mwa mtoto wa miaka tisa bila wasiwasi. Kazi hii ni ya watu wazima na Netflix imeiweka katika kundi hilo. Mzazi atakayekasirika baada ya kugundua mwanawe ameiona ana haki, ingawa hasira hiyo haimhusu Yuasa.

Kuhusu ufundi sina mengi. Wenye macho wameona. Muziki wa Kensuke Ushio unabeba nusu ya hofu, na wale vijana wa kufokafoka kando ya maji, waliochukua nafasi ya wahuni wa manga, wanaifanya hadithi ya 1972 isikike ya leo. Mwendo ni wa haraka mno katika sehemu za mwisho, dunia inaisha kabla hujaelewa ilianzaje kuisha.

Udhaifu ninaouona mimi uko mahali pengine, na unahusu ile vita yenyewe. Kazi inayomleta Mungu kama mhusika wa upande wa pili ina deni: impe neno. Devilman Crybaby haimpi hata moja. Tunasikia malalamiko ya Shetani, tunasikia kilio cha Akira, tunasikia dua ya baba yake Miki, Mkristo, anayemkuta mwanawe mdogo amegeuka na kumla mama yake, naye hawezi kufyatua risasi. Katika hayo yote mbinguni kimya. Wengine wanasema ukimya huo ndio ujumbe, kwamba ndivyo dunia ilivyo. Naelewa, na nimewahi kuomba na kukutana na ukimya. Hata hivyo katika Biblia, kitabu kilekile ambacho Nagai aliazima Sodoma na Shetani, kuna mtu aliyegombana na Mola wake kwa ukali kuliko Ryo. Ayubu alipoteza watoto, mali na afya, akadai kesi yake isikilizwe, na akajibiwa kutoka katika upepo wa kisulisuli, karibu sura nne. Jibu lile halikumpa sababu ya mateso yake. Lakini alijibiwa, na msomaji anabaki na pande mbili mkononi za kupima. Anayesema anime hii imemshinda Mungu katika hoja anasahau kwamba hoja ilisemwa na upande mmoja tu.

Kuna picha inayojirudia katika sehemu ya mwisho: Akira anakimbia mbio za kupokezana vijiti, anamnyooshea Ryo kijiti, na Ryo hakipokei. Ni mtoto aliyekulia akiamini kwamba hakuna cha kupokea kutoka kwa yeyote. Kila nikiikumbuka najiuliza kama Yuasa alitaka tuone kwamba yule malaika naye aliwahi kunyooshewa kitu, huko alikofukuzwa, akakikataa kwa namna ileile. Kazi haisemi. Ryo analia juu ya mwili wa Akira, nuru inashuka kutoka juu bila sauti, ardhi inateketea, kisha tunaonyeshwa dunia mpya, tulivu, yenye miezi miwili angani.