Bei ya patola imo kwenye kufunga nyuzi

Anayeshangaa kwamba sari moja ya patola, yaani hariri ambayo nyuzi zake hufungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa, kutoka Patan, jimbo la Gujarat nchini India, inauzwa kwa malaki ya rupia huwa anakadiria kazi ya kufuma peke yake. Kufuma ndiyo hatua ya mwisho. Gharama yenyewe imo kwenye miezi ya kufunga nyuzi na kuzitia rangi kabla hazijafika mtamboni.

Nyuzi za hariri hutandazwa kwa mafungu, mtande (nyuzi za urefu) mbali na mshindio (nyuzi za upana) mbali, na nakshi hupimwa juu yake. Mahali pasipotakiwa rangi hukazwa kwa uzi wa pamba, kisha fungu zima hutoswa. Kabla ya rangi nyingine, baadhi ya vifungo hufunguliwa na vipya hufungwa, na kazi inaanza tena. Kifungo kikilegea, rangi hupenya chini yake na kuacha doa lisilotoka. Kikikaa kando kidogo tu, kosa linajificha mpaka siku ya kufuma, kwa sababu wekundu wa mtande lazima ukutane na wekundu wa mshindio. Ukikosa, mguu wa tembo kwenye nakshi unavunjika.

Mtambo wa Patan umeinama, upande wa kushoto ukiwa chini, na wafumaji wawili huukalia pamoja. Wakishafuma inchi chache, hulegeza mtande na kuurekebisha kwa ncha ya sindano, uzi baada ya uzi. Ndiyo maana siku nzima hutoa inchi 8 au 9 tu, na sari nzima, pamoja na kufunga nyuzi na kuzitia rangi, huchukua miezi 4 hadi 6.

Patola ya kawaida ya Rajkot, katika jimbo hilohilo la Gujarat, ni kitu kingine: mshindio pekee hufungwa, mtande hubaki rangi moja. Ni kazi nzuri na ninaipenda. Ninachokipinga ni muuzaji anayeitoza bei ya Patan kwa kutumia jina lile lile.

Mnunuzi anaweza kujikinga. Tazama nyuzi za mtande zilizobaki ncha ya sari: uzi mmoja ukibadilika rangi njiani, mtande umefungwa. Lakini ncha hiyo inaweza kuangukia eneo lenye rangi moja, kwa hiyo chukua lenzi uchunguze katikati ya ua. Kwenye patola ya Patan, mahali rangi ilipokolea, nyuzi zinazopishana ni za rangi moja. Ya Rajkot huonyesha rangi ya mtande ikichungulia kati ya mshindio, na ua hufifia kidogo. Iliyochapishwa hujulikana mara moja kwa kuigeuza, maana upande wa nyuma huwa umepauka, ilhali patola halisi inavaliwa pande zote mbili.

Pochampally, katika jimbo la Telangana, India, nako sari za mshindio tu na za nyuzi zote mbili huuzwa pamoja. Kila lebo ingepaswa kutaja nyuzi zilizofungwa: mtande, mshindio, au zote mbili. Maneno hayo machache yangempa mfumaji wa Patan malipo anayostahili, na yule wa Rajkot asingelazimika kuuza kwa jina la mwingine.