Steringi Akifa, Tazama Mkataba Wake

Kwenye vibanda vya video tulifundishwa mapema kwamba steringi hafi. Tamthilia za kila siku haziitambui sheria hiyo. Humo steringi hufa, hufufuka, hupelekwa ng'ambo kusoma, au hupata ajali na kurudi na sura nyingine kabisa, na mama yake mzazi akampokea bila kushtuka. Watazamaji humshukia mwandishi: kaishiwa huyo. Mimi siku hizi nauliza kwanza kama mkataba wa yule mwigizaji haukuwa ukingoni.

Si umbea. Tamthilia inayorushwa siku tano kwa wiki ina matumizi makubwa matatu yanayogombea mfuko mmoja: malipo ya waigizaji, gharama za kurekodi (seti, kamera, mavazi, usafiri), na waandishi. Kituo kinachotoa fedha kinahesabu watu waliowasha televisheni saa ile, kwa sababu hao ndio wanaouzwa kwa wenye matangazo. Watu wakipungua mfuko unapungua, na mfuko ukipungua lazima mtu au kitu kiondoke. Hapo ndipo, kama tutakavyoona, ndege inapoangukia kijiji.

Tuanze na waigizaji, maana ndio wenye kelele zaidi. Machi 1980, kwenye tamthilia ya Dallas ya Marekani, mhusika J.R. Ewing alipigwa risasi na msimu ukaisha hapo hapo. Dunia nzima ikabaki inauliza nani kampiga. Larry Hagman, aliyekuwa akimwigiza, aliona dirisha limefunguka akadai nyongeza. Watayarishaji nao walikuwa na njia yao ya kumtisha: J.R. angeweza kutoka hospitali uso umefungwa bendeji, na bendeji zikifunguliwa awe mtu mwingine. Hawakuthubutu. Hagman alipata alichotaka, na Novemba 21, 1980 Wamarekani takriban milioni 83 walikaa kusubiri jina la aliyefyatua.

Miaka 34 baadaye mchezo ule ule ulichezwa Afrika Kusini, ukaishia pengine. Generations ndiyo iliyokuwa tamthilia inayotazamwa kuliko zote nchini humo, saa mbili usiku kwenye SABC 1, kituo cha shirika la utangazaji la taifa. Agosti 2014 waigizaji wake wakuu 16, wakiwemo Sophie Ndaba na Menzi Ngubane, waligoma kwenda kazini wakidai nyongeza, mikataba mirefu zaidi na mgawo wa fedha zinazoingia kipindi kinaporudiwa au kuuzwa nje. Wote 16 walifukuzwa. Oktoba na Novemba kipindi hakikuwa hewani. Desemba 1 kikarudi kikiitwa Generations: The Legacy, sura nyingi mpya, na Connie Ferguson, aliyekuwa ameondoka miaka minne nyuma, akarudishwa ili watazamaji wa zamani wawe na mtu wa kumfahamu.

Kwa nini mmoja alishinda na 16 wakashindwa? Kwa maoni yangu Hagman alikuwa ameshika swali, na swali lile halikujibika bila yeye. Wale 16 walikuwa wameshika mazoea, na mazoea ni mali ya saa mbili usiku kuliko ya mtu yeyote. Watu walishazoea kula wakiangalia SABC 1. Mtayarishaji alipiga hesabu kwamba wataendelea kula hapo hapo hata sura zikibadilika.

Hesabu hiyo haikuwa ya kipumbavu, na upande wa watayarishaji unastahili kusikilizwa. Kipindi kinachokusudia kuishi miaka 20 hakiwezi kumtegemea mtu mmoja. Ukimpa huyu, kesho wote wako mlangoni. Tena nyota akipanda bei, mara nyingi fedha yake inakatwa kwa wasioonekana: fundi sauti, mshona nguo, mwandishi wa tatu. Marekani tamthilia za mchana zilizoea mwigizaji kubadilishwa katikati ya kisa, sauti ikatangaza kwamba nafasi ya fulani sasa inachukuliwa na fulani, na kipindi kikaendelea. Watazamaji walinung'unika wiki mbili, ya tatu wakazoea.

Ila Februari 2015, miezi miwili na ushee baada ya Generations kurudi, SABC 1 hiyo hiyo ilianzisha Uzalo, kisa cha KwaMashu, Durban. Watoto wawili wa kiume wanabadilishwa siku ya kuzaliwa, siku Mandela anapotoka gerezani. Mmoja analelewa na ukoo wa wezi wa magari, mwingine na familia ya kanisa. Watoto kubadilishwa hospitali ni kisa cha kale kuliko televisheni yenyewe. Kilichokuwa kipya ni mahali, lugha ya mtaa ule, na sura ambazo nyingi hazikuwa na jina. Taji la kutazamwa kuliko zote likahamia huko, na baadaye Uzalo ikavuka watazamaji milioni 10. Kwa hiyo kila upande una ushahidi wake. Ni kweli watu walibaki na kituo. Ila kipindi kilichofukuza sura zake kilipoteza kiti cha mbele, na aliyekikalia hakuletwa na majina makubwa.

Sasa visa vya kuthubutu. Watu wengi hudhani kisa kikubwa kinahitaji fedha nyingi. Mara nyingi ni kinyume chake, kisa kikubwa ni njia ya kuokoa fedha. Desemba 30, 1993, Emmerdale ya Uingereza, tamthilia ya mashambani iliyokuwa ikisuasua, iliangusha ndege juu ya kijiji chake. Mtayarishaji Phil Redmond ndiye aliyeitwa kuja kuifufua. Watazamaji milioni 18 waliona. Usiku mmoja ulipunguza wahusika, ukabadilisha kijiji, ukawapa waliobaki mambo ya kulia kwa miezi. Malalamiko nayo yalikuja, maana ilikuwa ndiyo kwanza miaka mitano tangu ndege halisi iangukie mji wa Lockerbie na kuua watu 270. Kibiashara ilifanikiwa, na Emmerdale ipo hadi leo. Nami nakubali kwamba bila ile ndege huenda isingekuwepo. Kinachonikera ni somo ambalo watayarishaji wengine walilichukua pale: mambo yakizorota, angusha kitu.

Linganisha na EastEnders, tamthilia nyingine ya Uingereza. Mwaka 1991 Mark Fowler, kijana wa kawaida wa Walford (mtaa wa kubuniwa wa tamthilia hiyo), alibainika kuwa na virusi vya ukimwi. Wakati ule mtu mwenye virusi kwenye televisheni alikuwa wa kufa ndani ya wiki chache ili wengine wajifunze. Mark aliachwa aishi. Aliuza matunda na mboga sokoni, akaoa, akafiwa, akagombana na wazazi, akawa na hofu ya kuwaambia majirani. Aliondoka Walford mwaka 2003. Zaidi ya miaka kumi na virusi vyake, na siku nyingi havikutajwa kabisa. Ukihesabu gharama, Mark hakuzidi mhusika mwingine yeyote: hakuna mlipuko, hakuna helikopta, meza ya mboga tu. Kilichotumika kwa wingi ni muda na waandishi waliokumbuka mwaka wa kumi walichoandika mwaka wa kwanza.

Kwetu jambo hilo lilijaribiwa kwa redio. Mchezo wa redio Twende na Wakati ulianza kusikika Radio Tanzania mwaka 1993, na dereva wa lori Mkwaju, mwenye wanawake njia nzima, alikwenda polepole kwenye maradhi ambayo msikilizaji aliyaona yakija kabla yake. Kwa makusudi, Dodoma haikurushiwa kipindi hicho hadi 1995 ili watafiti walinganishe, na waliosikiliza walionekana kubadili mwenendo wao wa kujikinga na wa uzazi wa mpango. Mtetezi wa vituo vya biashara atasema, na ana haki, kwamba redio haijengi seti, na kwamba kipindi kile hakikuwa kikikimbizana na matangazo ya sabuni. Ni kweli. Ila Mark Fowler alikuwa kwenye kipindi kilichohesabiwa watazamaji kila wiki, na hakuwafukuza.

Kuna ujasiri mwingine ambao sina hamu ya kuutetea. General Hospital, tamthilia ya mchana ya Marekani, ilikuwa karibu kufutwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Akaletwa mtayarishaji Gloria Monty, akaongeza mwendo, akakata maneno. Mwaka 1979 mhusika Luke alimbaka mhusika Laura. Kwa kuwa watazamaji waliwapenda wawili hao wakiwa pamoja, kisa kikageuzwa mapenzi, na Novemba 1981 wakafunga ndoa mbele ya watazamaji takriban milioni 30, nyota wa sinema Elizabeth Taylor akiwa mwigizaji mgeni. Hakuna harusi ya tamthilia ya mchana iliyowahi kuvuta watu hivyo. Ilichukua hadi 1998 kwa kipindi kurudi kulitazama lile tendo kwa jina lake. Mtu akisema "lakini namba zilipanda", hadanganyi, zilipanda kweli. Ndiyo maana nasema namba peke yake ni hakimu mbovu.

Upande wa tatu, gharama za kurekodi, yaani picha yenyewe, hauna wapiga kelele, lakini ndio unaoua kimyakimya. Tamthilia ya Marekani Guiding Light ilianza redioni mwaka 1937, ikahamia televisheni 1952, mali ya Procter & Gamble, watengeneza sabuni wenyewe. Fedha zilipobana, Februari 2008 iliacha seti za zamani zilizofunguliwa upande mmoja, ikachukua kamera ndogo za mkononi na kwenda kurekodi nje, kwenye mji mdogo wa Peapack, New Jersey. Wazo lilikuwa zuri kwenye karatasi: hewa safi, nyumba za kweli, gharama ndogo. Kwenye kioo picha ilitikisika, sauti ikachanganyika na upepo, na watu waliokuwa wamezoea sebule zile kwa miaka wakajiona wamehamishwa nyumba bila kuulizwa. Septemba 18, 2009 ilizimwa, miaka 72 tangu ianze. Nafasi yake ilichukuliwa na mchezo wa kubahatisha zawadi. Sisemi kamera ndizo zilizoiua. Tamthilia za mchana zote zilikuwa zikipoteza watu. Lakini iliokoa fedha mahali ambapo mtazamaji huona kila siku.

Hata kujenga vizuri si dawa. Seti ya nje ya EastEnders ilijengwa mwaka 1984 ikitarajiwa kutumika miaka miwili tu, ikatumika zaidi ya 30. Mpya ilipangiwa pauni milioni 59.7, na makadirio yakafika karibu milioni 87. Fedha ya aina hiyo ingelipa waandishi wangapi?

Tukirudi nyumbani, shinikizo ni lile lile, mfuko tu ndio mdogo. Tazama tamthilia yoyote ya Dar au Nairobi uhesabu vyumba. Sebule, jiko, ofisi yenye dawati moja, korido ya hospitali. Ajali haionekani, anakuja mtu anahema, simu mkononi, anasimulia ajali. Harusi inasikika kwa vigelegele nje ya dirisha. Hilo si aibu, likiandikwa vizuri. Mtu anayepokea habari mbaya akiwa na mwiko mkononi anaweza kushinda ajali yenyewe, ila mwigizaji awe amepewa muda wa kufanya mazoezi na mistari iwe ya mtu, isiwe tangazo.

Kwenye sura tumeona njia zote mbili. Tamthilia ya Maria ya Citizen TV ya Kenya, kazi ya Jiffy Pictures ya Lulu Hassan na Rashid Abdalla, ilianza 2019 ikimtegemea Yasmin Said, ambaye wengi hawakuwa wakimjua. Jina Maria likawa jina lake mitaani. Zora iliyofuata 2021 ilimleta Sarah Hassan, aliyefahamika tangu Tahidi High, kipindi cha zamani cha wanafunzi. Jina kubwa huleta watu wiki ya kwanza, na kituo kinaihitaji hiyo wiki. Jina dogo hulipwa kidogo na huwa halijachosha macho, lakini likishapendwa linapanda bei, na hapo tunarudi kwa Hagman na wale 16. Siku hizi umeongezeka mtindo wa kutazama mtu ana wafuasi wangapi Instagram kabla ya kumpa nafasi. Sina ugomvi na wafuasi, ila mtu anayefuatwa kwa picha zake za likizo hajathibitisha kwamba anaweza kulia mara nne kwa siku mbele ya kamera, kila mara kwa sababu tofauti.

Ningekuwa na mfuko mdogo ningelipa kwanza waandishi, kisha sauti, kisha sura mbili za kubeba kipindi kwa mkataba wa miaka kadhaa wenye mgawo wa marudio ndani yake, tangu siku ya kwanza, kabla hawajawa ghali. Mgawo ulioandikwa mapema ni mdogo kuliko mgomo wa watu 16. Seti ningejenga chache. Ndege nisingeangusha.

Na ningepunguza siku. Hilo watayarishaji hulikwepa kwa sababu kila sehemu isiyorushwa ni matangazo yasiyouzwa. Lakini Hollyoaks ya Uingereza ilishuka hadi sehemu tatu kwa wiki mwaka 2024, na tangu Januari 2026 Coronation Street na Emmerdale zimepangiwa nusu saa tano kwa wiki kila moja, chini ya ilivyokuwa. Waigizaji wamepoteza vibarua humo, si jambo la kushangilia. Ila kati ya mwandishi anayetoa sehemu tano anazozikumbuka na anayetoa sita zenye maiti mbili, najua kituo changu ningekiweka wapi.