Dawa iliyomo ndani ya uvimbe wenyewe

Goti likivimba, likawaka moto, tunazilaumu chembechembe nyeupe za damu zilizojazana pale. Tunazionea. Nyingi zimebeba beta-endofini na enkefalini, opioidi (vituliza-maumivu vya jamii ya mofini) ambazo mwili hujitengenezea, na huzimwaga karibu kabisa na ncha za mishipa ya fahamu inayouma.

Mtafiti wa maumivu Christoph Stein na wenzake walilionyesha hili kwa panya. Unyayo mmoja wa nyuma ulivimbishwa, kisha panya akaogeleshwa kwenye maji baridi kwa dakika moja, msongo unaoufanya mwili umwage opioidi zake. Unyayo uliovimba ukastahimili kubanwa kuliko kabla. Ule mzima ukabaki vilevile. Akipewa naloksoni, dawa inayoziba vipokezi vya opioidi (sehemu za seli ambapo opioidi hushika ili zifanye kazi), nafuu ile inatoweka. Mwaka 1991 wakaja na ushahidi wa binadamu: kwa waliofanyiwa upasuaji wa goti kwa kamera, miligramu 1 ya mofini ndani ya kiungo ilituliza maumivu kuliko miligramu 1 hiyohiyo kwenye mshipa wa damu.

Kwa nini basi goti bado linauma? Kwa sababu enkefalini haidumu. Ifikirie kama shanga 5 kwenye uzi. Kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini) kiitwacho aminopeptidasi N hung'oa shanga ya kwanza, tirosini, na bila hiyo kipokezi hakiitambui tena. Kingine, neprilisini, hukata kati ya shanga ya 3 na ya 4. Ukizuia kimoja, kingine kinaendelea kukata. Ndiyo maana tiofani, molekuli inayozuia neprilisini peke yake, ilitoa nafuu hafifu, na kundi la watafiti la Bernard Roques kule Paris likahamia kwenye molekuli zinazozuia vyote viwili kwa pamoja.

Naiona njia hii kuwa bora kuliko kumwongezea mgonjwa mofini. Mofini husambaa mwilini kote: inafika kwenye utumbo na kuleta choo kigumu, inafika kwenye shina la ubongo na kupunguza kasi ya kupumua. Kulinda enkefalini kunakoleza tu kile ambacho mwili umekwisha kukimwaga, pale ulipokimwaga. Ningependa watafiti waanze na molekuli zisizoingia kwenye ubongo kabisa, maana kwa maumivu ya uvimbe vipokezi tunavyovihitaji viko hapohapo kwenye kiungo.

Hatari yake isifichwe. Neprilisini hukata pia bradikinini na dutu P, ambazo zenyewe huleta uvimbe na maumivu. Bradikinini huvunjwa vilevile na kimeng'enya ambacho dawa za presha kama enalapril na captopril hukizuia. Njia zote mbili zikifungwa, bradikinini hurundikana, uso na koo vikavimba, na mgonjwa anaweza kukosa hewa. Ndiyo sababu sacubitril, dawa ya moyo inayozuia neprilisini, haipewi mgonjwa kabla ya saa 36 kupita tangu dozi ya mwisho ya enalapril.

Kuna racecadotril, miligramu 100 mara tatu kwa siku kwa mtu mzima anayeharisha; huilinda enkefalini ya utumbo na kupunguza maji yanayomwagika humo. Usiinunue kwa ajili ya goti. Inazuia neprilisini tu, na aminopeptidasi N itaendelea kung'oa tirosini kama kawaida.