Baada ya Firimbi Kulia

Anayejadili ulinzi wa watoa taarifa kazini, yaani wafanyakazi wanaofichua maovu, nchini Kenya hawezi kumkwepa David Munyakei. Alikuwa karani kijana katika Benki Kuu ya Kenya, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilipita mikononi mwake karatasi za malipo ya serikali ya fidia ya mauzo ya nje kwa kampuni ya Goldenberg International, iliyodai kuuza nje dhahabu na almasi, ilhali Kenya haina migodi ya almasi. Nyaraka hizo alizifikisha kwa wabunge wa upinzani. Mwaka 1993 alikamatwa kwa madai ya kutoa siri za serikali. Mashtaka yakafutwa baadaye, lakini kazi haikurudi. Mwaka 2004 alitunukiwa tuzo kwa ujasiri wake, na mwaka 2006 akafariki akiwa fukara.

Tangu hapo majirani wametunga sheria. Uganda ilipitisha yake mwaka 2010, na humo mtoa taarifa huahidiwa asilimia 5 ya fedha zitakazorejeshwa. Tanzania ilifuata mwaka 2015. Kenya yenyewe imeegemea zaidi Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, ambayo humtoza anayemtesa mtoa taarifa faini isiyozidi shilingi milioni moja au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Waajiri wana hoja ambayo si haki kuipuuza. Ofisi zetu zinajua majungu: barua isiyo na jina hufika wiki moja kabla ya mtu kupandishwa cheo, na hata akisafishwa miezi sita baadaye, nafasi imeshachukuliwa na mwingine. Malipo ya asilimia nayo yanaweza kumshawishi mtu angoje wizi unenepe ndipo aseme. Hata hivyo, dawa ya majungu naiona katika uchunguzi makini unaompa mtuhumiwa nafasi ya kujieleza, wala si katika kumwacha msema kweli bila kinga. (Sanduku la maoni ambalo ufunguo wake uko kwa meneja anayelalamikiwa si kinga.)

Kinachonitia shaka zaidi ni kwamba kisasi cha siku hizi hakiji na pingu. Huja kama uhamisho wa ghafla, mkataba usiohuishwa, au vikao ambavyo mtu haitwi tena. Kisha mahakamani anatakiwa athibitishe kwamba hayo yalitokana na taarifa yake, wakati mafaili yote yako kwa mwajiri. Ndiyo maana naunga mkono wanaotaka mzigo wa ushahidi uhamie kwa mwajiri kwa muda maalumu baada ya taarifa kutolewa. Itasemwa kwamba mtumishi mvivu atakimbilia kutoa taarifa ili asifukuzwe. Lakini mwajiri aliyekuwa akimwonya mvivu huyo kwa utaratibu atakuwa na barua za onyo faili­ni, zenye tarehe zinazotangulia taarifa hiyo.